Picha Kumi na Moja za Raundi ya Tatu

Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili, na katika umri wake wote hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba hata nguo anazipasi kwa huruma. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa mtoto mmoja tu, binti, na binti mwenyewe akaamua kuwa bondia.

Kule gym walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, na ngumi yake ya kushoto ilichoma na kutoka kabla hujajua umechomwa. Alishapigana mara sita. Mara zote sita baba yake alimsindikiza hadi mlangoni mwa ukumbi, kisha akabaki nje, amekaa juu ya kreti la soda, akisikiliza. Ngumi inayotua kwenye mbavu ina mlio wake, na ile ya usoni ina wake. Kufikia pambano la nne alishaijua tofauti. Kwenda ndani akaangalie? Thubutu!

Kamera ilimjia kwa jirani. Ukuta mmoja na duka lake la cherehani kulikuwa na studio ya mpigapicha wa picha za pasipoti. Siku huyo bwana aliponunua kamera mpya, ile ya zamani, nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, akamwachia Fundi, ambaye kwa miaka alikuwa akiichungulia kama mtoto anayechungulia dukani.

"Hii si simu," mpigapicha alimwonya. "Simu inakufanyia kila kitu. Hii usipoiambia, haijui."

Wiki za mwanzo zilikuwa vichekesho. Picha moja nyeusi tititi, nyingine nyeupe kama shuka. Wateja waliokuja kupimwa suruali walitoka bila vichwa. Taratibu Fundi akaelewa: tundu la mwanga, kasi ya kufunga, wapi pa kulenga. Akapiga mkasi wake, vifungo, cherehani yenyewe ikiwa imepigwa na jua la dirishani. Jirani alizipitia zote bila haraka.

"Mkasi umetoka vizuri. Lakini mkasi haukimbii, Fundi. Nenda kapige kitu kinachokwenda."

Sindano alikuwa amesimama mlangoni. "Njoo gym, Baba. Kule hakuna kinachotulia."

Akaenda. Harufu ya jasho na ngozi ya glovu ilimpokea mlangoni. Mwanawe alikuwa ulingoni na mwenzake wa mazoezi, wanatwangana. Fundi alitaka kugeuka arudi zake, lakini akainua kamera ili afiche uso, na hapo ndipo maajabu yakatokea. Ndani ya kile kidirisha cha kuchungulia, ngumi hazikumuuma. Kulikuwa na fremu, na namba chini yake, na kazi ya kufanya. Pua ya mwanawe ikatoka damu, yeye akajikuta anawaza: kasi ni ndogo, nipandishe.

Akawa anakwenda kila jioni baada ya kufunga duka. Tatizo lake lilikuwa kuchelewa: akibonyeza, ngumi ilishafika na kurudi. Kisha akagundua siri ambayo hata jirani hakuwa nayo. Miaka thelathini amepima mabega ya watu. Anajua bega linavyokaa, na linavyojikunja kabla mkono haujanyanyuka. Akaacha kuangalia ngumi, akaangalia bega. Likishuka tu, anabonyeza. Picha zikaanza kutoka kali kama wembe: midomo imepinda, matone ya jasho yamening'inia hewani, shavu limebonyea chini ya glovu.

"Wewe sasa umeiva," jirani alimwambia, na Fundi akatembea siku nzima kifua mbele.

Pambano la saba lilikuwa Jumamosi mchana. Mpinzani alikuwa mwoka mikate, mama wa watoto wawili, mikono yake imejaa kwa kukanda unga tangu utotoni. Kocha alimweka Fundi chini ya ulingo, kwenye kona ya Sindano kabisa.

Raundi ya kwanza Sindano alimchoma yule mama hadi jicho likavimba na kufumba. Ya pili mwoka mikate akaacha adabu. Alimsukuma hadi kwenye kamba, akamkandamiza huko na kumtwanga mbavu, moja, mbili, tatu, kama anayepiga donge mezani. Sindano alirudi kwenye kona anatema damu kwenye ndoo. Fundi aliipiga picha ile damu.

Raundi ya tatu miguu ya binti ilikuwa imekwisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshuka, kidevu kipo wazi. Ukumbi ulikuwa ukipiga kelele kiasi cha mtu kutosikia pumzi yake. Na Fundi, kupitia kidirisha, akaliona bega la kulia la mwoka mikate linashuka. Alilijua hilo bega. Alijua linakuja na nini, na linamwendea nani. Akabonyeza.

Kamera ikalia ta-ta-ta-ta. Taya la Sindano likahama upande. Kinga ya meno ikaruka. Akaanguka kama gunia, kichwa kikagonga sakafu ya ulingo, mguu mmoja umekunjika chini yake. Na kidole cha baba yake bado kilikuwa kimekandamiza kitufe.

Mtu akamshika bega kwa nyuma, akamgeuza. Mwanamume mkubwa, macho yamemtoka. "Wewe ni baba wa aina gani wewe? Mtoto anakufa, unapiga picha?"

Fundi akaivua kamera shingoni. Alishika mkanda wa kamera kwa mikono miwili, akaizungusha na kumpiga nayo usoni. Unyusi ukapasuka. Akampiga tena, na yule bwana alipoinama akampiga ya tatu kisogoni, huku akilia kwa sauti kama mtoto. Ilibidi watu wanne wamtoe. Lenzi ilikuwa imepasuka, damu imejaa mikononi mwake, na ulingoni watu walikuwa wakimfunga mwanawe kwenye machela.

Taya lilikuwa limevunjika sehemu mbili. Hospitali walilifunga kwa nyaya, akawa anakunywa kwa mrija na kuongea kwa kuandika kwenye daftari. Siku ya tatu akaandika: *Nionyeshe.*

"Mwanangu, nimezifuta," Fundi alidanganya.

*Baba.*

Akamletea kamera, bado ina ufa. Picha zilikuwa kumi na moja. Sindano alizipitia moja moja, mbele na nyuma, uso wake umevimba na haueleweki.

"Niliiona inakuja," baba alisema. "Wallahi niliiona, kabla hata yeye hajairusha. Sikukuita."

Sindano alirudi kwenye picha ya kwanza, akaweka kidole juu yake. Kisha: *Nani huyu anayepiga kelele?*

Fundi akainama. Nyuma ya ngumi, kati ya nyuso zote zilizokuwa zikishangilia, kulikuwa na mwanamume mkubwa amesimama juu ya kiti, mikono imenyooshwa kwa refa, mdomo wazi, anaomba pambano lisimamishwe. Ngumi ilikuwa haijafika bado.

"Ndiye niliyempiga," Fundi alisema. "Niliambiwa baadaye, ni mume wa yule mwoka mikate."

Jioni hiyo hiyo wakaja wote wawili, mwoka mikate na jicho lake lililovilia damu, mumewe na nyuzi saba juu ya nyusi. Fundi alisimama akijua atapigwa, na akaona ni haki yake. Yule bwana alimtazama tu.

"Hujambo, mzee."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe."

"Kaa chini. Kichwa changu bado kinaniuma, sitaki kelele."

Wale mabondia wawili hawakuwasikiliza. Walikuwa wameinamia kamera, vichwa vimegusana. Sindano akaandika: *Mkono wangu upo chini.* Mwoka mikate akaguna. "Tangu raundi ya pili ulikuwa chini. Nilikuwa naungoja." Kisha akaanza kulia, akamshika binti mkono. "Nilidhani nimekuua, mdogo wangu."

Sindano alirudi ulingoni baada ya mwaka na ushei. Fundi bado anapiga picha za mapambano ya watu wengine, na magazeti mawili yameshachapa kazi yake. Zile za raundi ya tatu hajampa mtu, ingawa jirani amemsumbua sana. Binti yake akipigana, yeye husimama kwenye kona na taulo, bila kamera, macho makavu, akiangalia mabega.

Katika pambano lile la kurudi, raundi ya pili tu, aliona bega la mpinzani linashuka, akarusha taulo ulingoni, ishara ya kukubali kushindwa. Refa akasimamisha. Ngumi yenyewe ilikuwa imepita hewani, na Sindano alikuwa akiongoza. Alishuka anatetemeka kwa hasira, akampiga baba yake ngumi ya kifua mbele ya ukumbi mzima, glovu bado mkononi, hadi mzee akakaa chini. Hakumsemesha wiki nzima.

"Na anisemeshe asinisemeshe," Fundi alimwambia jirani yake, akijisugua kifua. "Taulo nitalirusha tena."