Jina Ambalo Mama Hakulitamka

Mama alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na alitusimulia tukimenya karanga za mbegu. Njaa imeingia nchini. Umebaki mti mmoja tu wenye matunda, lakini haudondoshi hata moja mpaka utajwe jina lake, na jina hilo analijua mzee anayekaa mbali. Anatumwa tembo, anaambiwa jina, anajikwaa njiani, jina linamtoka. Anatumwa nyati, yanamkuta yaleyale. Wa tatu ni kobe, ambaye analirudia jina kila hatua mpaka anafika nalo. Sisi watoto tulimcheka sana tembo. Siku hizi simcheki, na sitaki kumsikia mtu akisema hadithi zile zilikuwa za kuchekesha watoto tu.

Nasema hivi kwa sababu ya shamba la mama. Liko nje kidogo ya Chamwino, lina zabibu, na uzio wake ni minyaa aliyoipanda mwenyewe. Baba yetu alipofariki, babu alimkabidhi mama shamba hilo, na zabibu zake ndizo zilizotusomesha. Wapima ardhi walipofika kijijini kuandikisha wenye mashamba, mimi nilikuwa mjini, soko la Majengo, kwenye meza yangu ya kuuzia mtama na uwele, kwa hiyo ya siku ile nilisimuliwa. Ofisa wao, kijana wa umri wa mdogo wangu, aliegesha gari barabarani, akafungua daftari juu ya boneti na kuita watu mmoja mmoja. Alimwamkia mama shikamoo, vizuri tu. Kisha akamuuliza shamba limetoka kwa nani.

"Nilipewa na baba mkwe."

"Anaitwa nani?"

Mama akanyamaza. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au awe kaburini. Humwita mzee, basi. Majirani walitaka kumsaidia, lakini ofisa akawanyamazisha, akasema anataka kusikia kwa mdai mwenyewe. Katika daftari lake, swali hilo lilikuwa la kwanza, na asiyelijibu haulizwi mengine. Wiki iliyofuata orodha ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kwenye shamba la mama waliandika kwamba mwenyewe hajulikani, na mashamba ya namna hiyo yangegawiwa watu wengine.

Hajulikani. Mwanamke amepogoa mizabibu ile mpaka mgongo umepinda, halafu hajulikani. Na huyo mkwe wake, njia nzima ya kijiji inaitwa kwa jina lake.

Nikafunika magunia yangu, nikaenda Chamwino na jina la babu mdomoni. Nikamkuta ofisa kwenye ofisi ya kijiji, akanisikiliza, akasema mimi si mdai, aje mwenyewe. Nikarudi na mama. Akaulizwa tena, akatazama chini, na yule kijana akaangalia saa yake. "Mama, unatuchelewesha," akasema. Nilimkasirikia yeye, na kwa aibu yangu nilimkasirikia na mama.

"Mama, mzee ameshakufa," nilimwambia tukiwa njiani kurudi. "Litaje tu, yaishe."

"Alinipa shamba nikiwa mjane, ndugu zake wote wamekataa. Leo nimvunjie heshima kwa ajili ya daftari?"

Nilitembea nikiwaza ile hadithi, na kwamba hadithi zetu karibu zote humtuma mtu mara tatu. Nani aliamua kwamba mara moja haitoshi? Nadhani waliozitunga walikuwa watu waliochoka kuambiwa warudi kesho. Ila walikosea kumtupia tembo lawama. Kwetu hakuna aliyesahau kitu. Wa kulaumiwa ni ule mti. Matunda unayo, watu wanakufa njaa mbele yako, wewe unataka kwanza uitwe jina. Na sisi, miaka yote ile, hatukuwahi kuusema vibaya hata siku moja.

Mara ya tatu mama hakwenda ofisini. Alisubiri mpaka wapima ardhi waliporudi kuweka mawe ya mipaka, akasimama mbele ya gari lao.

"Mwanangu," akamwambia ofisa, "shuka unifuate."

Nilikuwepo, nikawafuata. Alimpitisha katikati ya mizabibu mpaka kwenye kona ya shamba, penye kaburi la babu na msalaba wake wa saruji. Kaburi lilikuwa pale siku zote, hatua chache kutoka barabarani.

"Soma," mama akasema.

Kijana akasoma jina lote kwa sauti. Mama alipiga goti alipolisikia, kisha akanyanyuka akajipangusa vumbi. Ofisa akaandika. Nilidhani yamekwisha, lakini kalamu yake ilikuwa imeshuka kwenye swali linalofuata.

"Na wewe mama, unaitwa nani?"



"Hilo," mama akasema, "ungeniuliza siku ya kwanza."

Akalitaja jina lake lote, la ubatizo na la kwao, polepole, akisubiri kila neno liandikwe. Kisha akamwambia yule kijana amsomee alichoandika.