Pete Chini ya Ulimi

Mwanangu akiwasha kiberiti kwa ajili ya mishumaa ya keki, harufu yake huniletea mdomoni ladha ya chuma.

Ilianza nilipokuwa mdogo, kwenye ziara ya shule, katika ngome ya zamani karibu na ziwa, hapa Toronto. Mama alikuja kama mzazi wa kusindikiza. Mwalimu alikuwa ametueleza darasani kwamba tutamwona mtu anayeigiza jenerali wa vita vya kale. Alieleza kwa Kiingereza, na mama hakukijua bado; tulikuwa tumefika tu, tukikimbia vita vya kwetu.

Mzinga ulilia. Kwenye moshi wa baruti akatokea jenerali, koti jekundu la sufu, mabega yanang'aa dhahabu, upanga unagonga buti. Alitabasamu na kuja moja kwa moja kwetu.

Mama akavua pete yake ya ndoa, akainama kama anayenifuta pua, akaisukuma chini ya ulimi wangu.

"Usimeze," alininong'oneza. "Na usimtazame machoni."

Nilitaka kumwambia ni mchezo tu, lakini sikuweza kufungua mdomo. Jenerali akachuchumaa, akaniuliza jina langu. Mama akanibana bega mpaka na mimi nikaacha kuamini kwamba ni mchezo. Jenerali akasubiri, akacheka, akapiga saluti, akaenda kwa watoto wengine.

Ndani ya basi mama alinikingia kiganja. Nikaitema pete. Akaifuta kwa kitenge chake, akaivaa.

"Safari hii hukulia," akasema.

Mimi sikukumbuka safari nyingine.