Waya wa Taa ya Joto

Uvumilivu uliniisha pale gereji Manzese, fundi aliponiambia huku anacheka, "Sista, ile taa ya joto la injini nilikukatia waya. Si ulisema inakusumbua?"

Nilichomwambia nilipompelekea gari mara ya kwanza ni kwamba inawaka kila nikivuta tela la viti vya sherehe ninavyokodisha. Nilitaka ajue kwa nini injini inachemka. Mie taa ikiwaka nilikuwaga nazima kiyoyozi, nasimama pembeni mpaka ipoe. Jana yake, nikipandisha mlima baada ya Ubungo na tela limejaa, taa haikuwaka. Nilishtukia mvuke umefunika kioo, mwanangu wa miaka miwili analia siti ya nyuma. Nilimnyakua nikakimbia naye hadi ng'ambo ya mtaro.

"Lakini mtoto si mzima?" fundi akasema nilipomsimulia. "Punguza hasira, sista."

Sikupunguza. Nilienda ofisi ya serikali ya mtaa, nikamwamkia mtendaji shikamoo, nikaomba karatasi. Niliandika: "Nalalamikia fundi aliyekata waya wa taa ya tahadhari kwenye gari ninalompakia mtoto, bila kuniambia. Naomba aitwe, na magari yote aliyoyatengeneza yakaguliwe."