Limbwata la Mama Leonsi

Mimi sijui kuficha: namwonea wivu Mama Leonsi, jirani yangu hapa Maisaka. Mumewe Ludovick, fundi baiskeli, anamchotea maji bombani mchana kweupe, anamwanikia kanga kwenye kamba huku anapiga mluzi. Mwanamume mzima!

Mtaani kwetu mtu wa hivyo tunasema kalishwa limbwata. Ni dawa ambayo mke humtilia mume kwenye mboga, basi mume haoni wala hasikii ila mkewe. Akimbebea ndoo, kalishwa. Akitoka kazini akanyoosha nyumbani, kalishwa huyo, tena sana. Anayekesha kilabuni hajalishwa kitu, eti ndiye mwanamume. Kwa Ludovick neno hilo nililianzisha mimi, pale bombani, likamganda mpaka rafiki zake wakaacha kula kwake.

Juzi uzalendo ukanishinda, nikaenda kwa Mama Leonsi. Kuuliza si ujinga. Nilimkuta anachambua mchicha, nikamwomba kwa siri anielekeze mganga wake, maana mume wangu, Baba Venance, hata kikombe alichonywea chai hakiondoi. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Akasema hana mganga. Alipojifungua kwa upasuaji alimwomba mumewe amsaidie maji, akasaidia, hakuacha tena. Nilitoka nimenuna. Heri angenitajia mganga.

Jioni mawingu yakatanda, na mbaazi zetu zote za mwaka zimeanikwa uani kwenye turubai. Nikaona na mimi nijaribu kuomba. Nikasema kwa upole nisiokuwa nao siku zote:

"Baba Venance, nakuomba unishikie upande wa pili."

Akainuka, kweli. Akafika mlangoni, akawaona wanawake bombani, akarudi kukaa.

"Watasema nimelishwa," akasema. "Nawajua nyie, na kinara wenu ni wewe."

Matone yakaanza, nikavuta turubai peke yangu, mbaazi zinamwagika kwenye tope. Mara upande wa pili ukanyanyuka: Ludovick karuka ua. Tukaziingiza ndani, akakimbia kwake. Mkewe alikuwa mlangoni, akamfuta mvua kichwani kwa kanga yake.

Niliingia jikoni nikalia kwa wivu. Baba Venance akauliza kutoka sebuleni kama ugali uko tayari.