Roho za Ndani ya Mashine

Kaka yangu alinunua toleo jipya la ule mchezo wa video wa samurai tuliocheza utotoni, akaniomba niende kwake Jumapili baada ya ibada nikae naye akicheza. Hakusema kwa nini. Mtu mzima, dereva wa lori kubwa la mgodini, ndevu zimeanza mvi, ananiomba nimsindikize mbele ya televisheni. Kwa kawaida ningemcheka. Safari hii nilikubali, kwa sababu mchezo huo ndio uliomtoa katika nyumba ya mama yetu.

Nieleze. Tulikulia Dilala, mtaa wa mji wetu wa migodi, katika nyumba za kampuni zilizojengwa zote sare, baba akiwa fundi wa karakana. Baba ndiye aliyeleta mashine ya kuchezea, mtumba, pamoja na diski moja tu, na diski yenyewe ilikuwa ya Kijapani. Hatukuelewa neno hata moja, lakini samurai hahitaji mkalimani. Anaingia katika ngome iliyojaa mashetani yenye silaha, anakata, anasonga mbele. Kila adui aliyeanguka alitoa mwanga mdogo, mwekundu au wa buluu, na samurai akiinyoosha ala ya upanga wake mianga hiyo inavutwa ndani. Ukifika penye kijumba fulani cha mawe, unaimimina yote hapo, upanga unapata nguvu, na mashine inahifadhi safari yako. Kaka alishika maneti, yaani kile kidude chenye vitufe. Mimi nilikaa naye mkekani, kazi yangu kumwambia adui anatokea upande gani, na mara nyingi nilimwambia upande usio sahihi.

Siku moja mama alikuwa anapita na sufuria, akasimama.

“Bale benye kufwa, roho yabo inaenda wapi?”

Kaka hakujua kudanganya hata pale uongo ungemfaa. “Inaingia mu upanga yake, mama.”

“Na ukizima mashine?”

“Inabakia mule.”

Mama aliweka sufuria chini. Ni mtu wa kanisa tangu kuzaliwa, na mambo ya wafu hana mchezo nayo. “Mu nyumba yangu hatutalala na roho ya bafu mu mashine. Utabatosha bote mbele ya kuzima.”

Ikawa sheria: wafu wote watoke kabla ya kuzima, maana kwetu kutosha ni kutoa. Baba alicheka hadi akajifuta macho, lakini hakuitengua. Basi kila jioni bukari, yaani ugali wetu, iko mezani, inapoa, mama anaita, na kaka anamkimbiza samurai kurudi nyuma vyumba vitatu vinne kutafuta kijumba cha mawe ili amimine wafu wake ndipo anawe mikono. Sijui kama kuna nyumba nyingine duniani ambamo mchezo huo ulichezwa hivyo. Mimi niliamini mpaka nikawa mkubwa kwamba ndivyo Wajapani wenyewe walivyoamuru.

Jioni moja umeme ulikatika samurai akiwa katikati ya daraja, ala imejaa. Mama alitoka jikoni na mshumaa.

“Ulitosha?”

“Bado. Lakini imefutika, mama. Courant ikienda, yote inafutika.”

“Imefutika, sasa iko wapi?”

Kaka alianza kuchomoa waya za mashine. Mimi, kabla ya kulala, niliinama nikachungulia chini ya kitanda.

Juma hilo halikuisha kwa heri. Baba alianguka karakanani, na wenzake walipomfikisha hospitalini alikuwa amekwisha kufariki. Uani kukawekwa turubai, wakaja ndugu zake kutoka kaskazini, wakakaa upande wao wakimtazama mama bila kumsaidia kulia. Siku ya pili ya kilio mama alisimama katikati yao, akamnyooshea kaka kidole na kusema, “Ni huyu. Aliachilia roho mu nyumba, njo zilimubeba baba yake.” Kisha akaingia ndani, akaitoa mashine, akaivunja kwa mchi mbele ya watu wote.

Wazee waliguna. Wengine walitikisa kichwa, na shangazi mmoja alimfukuza kaka asikae karibu na jeneza. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, sauti yake ndiyo kwanza inavunjika. Hakujitetea.

Tangu hapo kaka hakuketi tena katika nyumba ya mama. Aliacha shule, akaenda Mutoshi kuchimba madini na vijana wengine, baadaye akapata kazi ya udereva. Wala hakumtupa mama, sivyo hata kidogo. Kila mwezi alileta gunia la unga, akalitua barazani, akasalimu akiwa amesimama, akauliza afya, akaondoka. Mama aliweka kiti na vikombe vya chai, kaka akasema ana haraka. Nimeyaona hayo miaka yote ya utu uzima wangu, na yaliniudhi, maana mimi ndimi niliyekunywa chai ya watu wawili. Mama na kaka walipendana kwa unga na salamu. Nilitamani siku moja tu wakae meza moja wagombane.

Jumapili hiyo nilimwambia mama ninakokwenda, na kwamba kaka amenunua tena ule mchezo. Alijifunga kitenge vizuri. “Tunaenda bote,” akasema. Tukatoka Manika, mtaa anakokaa mama sasa, kwa pikipiki mbili za taksi-moto, yeye mbele, mgongo umenyooka, kitabu cha nyimbo mapajani.

Mke wa kaka na watoto walikuwa hawajarudi kutoka kanisani kwao. Kaka alifungua mlango, akamwona mama, akaangalia mkono wake mwenyewe ulioshika maneti. Alimpa mama kiti kizuri. Yeye aliketi sakafuni, nami nikaketi pembeni yake, ingawa magoti yangu hayapendi tena sakafu.

Mchezo umesafishwa. Sijui neno la mafundi, lakini ndivyo ulivyo, umeoshwa. Nyuso zina mikunjo, mvua inaonekana tone kwa tone, na chini kuna maandishi ya Kifaransa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulijua watu wale wanasema nini. Walikuwa wanasema mambo ya kawaida sana. Yule mzee wa langoni, ambaye sisi tulimchukulia kuwa mchawi, alikuwa anamwonya samurai kwamba ngazi ni mbovu. Kwenye ukumbi wa pili palikuwa na kona ambapo siku zote tuliona mtu amesimama gizani, na kaka alikuwa akiipita mbio. Safari hii aliisogelea. Lilikuwa pipa. Nilisikitika kidogo, kusema kweli, maana yule mtu nilikuwa nimemzoea. Giza lote lile lilitoka katika televisheni yetu mbovu, tukaliogopa kwa moyo wote.

Lakini kaka hakuwa anafurahia. Alikata watatu, akarudi nyuma kwenye kijumba, akamimina. Akakata wawili, akarudi tena. Mchezo mpya unajihifadhi wenyewe, maandishi yalimwambia hivyo mara mbili kwa Kifaransa kizuri, naye hakusikia.

“Yaya, songa mbele,” nikamwambia. Kwetu ndugu mkubwa ni yaya, awe mwanamume au mwanamke. “Tutafika lini?”

“Ngoja kwanza.”

Akarudi tena. Mama aliinama kutoka kitini.

“Juu ya nini unarudiarudia pale?”

“Niko natosha.”

“Unatosha nini?”

“Roho, mama.” Hakugeuka. “Si ni weye ulisema?”

Nilimtazama mama. Niliona uso wake unabadilika, na sikuupenda, kwa sababu niliona kwamba anakumbuka kila kitu na amekuwa akikumbuka siku zote.

“Wacha hiyo kitu,” akasema. “Wacha, baba.” Mama huwaita wanawe baba anapotaka kuwaomba. “Baba yenu alikuwa mugonjwa ya moyo. Docteur alituambia sisi babili, mbele sana ya kilio. Akasema, awache kazi. Baba yenu akakatala, akanikataza kuambia mutu. Miye nilikuwa namufulia nguo ya kazi, namuangalia anaenda.”

Samurai alikuwa amesimama mbele ya kijumba, anapumua. Kaka hakubonyeza kitu.

“Pale mu kilio,” mama akaendelea, “ndugu zake balikuwa banangojea tu mutu wa kushitaki. Bangejua nilijua ugonjwa na nikamuacha aende kazi, bangesema miye njo nilimuua. Bangenifukuza mu nyumba, bangebeba na ninyi. Nikatafuta kitu ya kusema. Nikakuona weye.”

Hasira ilinipanda. Nilifikiria yale magunia ya unga, moja baada ya jingine, na mtu aliyesimama barazani. Nilimwuliza kwa ukali, na sikuwahi kumsemesha hivyo, “Na miaka hii yote, mama? Ulishindwa kumuambia?”

“Kwa Mungu nilisemaka kila siku,” akajibu. “Kwake njo niliogopa.”

Kaka aliweka maneti sakafuni taratibu. Alipogeuka kumtazama mama, sauti yake ilitoka nyembamba.

“Nilikuwa mutoto, mama.”

“Minajua,” mama akasema. “Ungekuwa mukubwa, ungejitetea. Ulikuwa mutoto, njo maana niliweza kukubebesha.”

Kaka yangu akalia, na hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.