Mama Alitaka Kuwa wa Pili

Nilipokuwa nafundisha Kiingereza shule ya msingi Ng'ambo, neno lililonitoa jasho ni home. House watoto walilielewa mara moja: kuta, bati, mlango. Lakini home? Nikawaambia ni kwenu, kwenye watu wako, hata nyumba ikianguka. Nilikuwa najidai, wee! Mwalimu kijana, nchi changa, Kiingereza kimejaa mdomoni.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Mama yangu, mjane, alikuwa akiishi Sikonge, ndani ya miombo, kwenye boma la baba. Baba mwenyewe tulimzika pale pale uani, kama ilivyo desturi yetu. Mama akahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Shule ipo, zahanati ipo, sikatai. Nilipokwenda kumwona aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, nikifa nirudisheni kwa baba yenu. Hapa mimi mgeni."

"Mama nawe! Nani kasema unakufa?"

"Kwani kifo hubisha hodi?"

Kila asubuhi alishika ufagio, akavuka mto, akaenda kufagia kaburi na uwanja wa mahame yetu. Jirani yake akamtania, "Bibi, unawafagilia fisi?" Akamjibu, "Namfagilia mume wangu. Wako anafagiliwa na nani?" Nilicheka mpaka machozi.

Alifariki katikati ya masika. Kaka zangu walimbeba kwenye machela, nami nyuma yao, mpaka mtoni. Maji yalikuwa yamefurika, mekundu, yanazoa magogo. Tukangoja yapungue. Jua likapinda, maiti haingoji, na mto wala haukutujali. Ee Mungu, niliona uchungu! Kaka mkubwa akasema turudi, nasi tukarudi.

Tukamzika pembeni mwa kijiji kipya, mahali ambapo hapakuwa na kaburi hata moja. Mwenyekiti wa kijiji akasimama, kofia mkononi, akasema kwa nia njema kabisa, "Ndugu zangu, sasa hapa ni kwetu. Tuna mtu wetu ardhini." Watu wakaitikia, wengine wakilia.

Nilimchukia mtu yule, na sijaacha. Mama hakutaka kuwa wa kwanza pale. Alitaka kuwa wa pili, kando ya baba.