Siku Niliyofunga Robine Mbili

Kuna watu hapa Bukavu mpaka leo wakikutana na mimi sokoni Kadutu wanaziba pua kwanza, ndipo wananisalimia, na mimi nacheka nao tu, juu kosa lilikuwa langu na nililikiri mwenyewe mbele ya watu wote (bila kujua kama nakiri, lakini hiyo tutaifikia).

Mimi ni fundi wa baridi. Siyo frigo ya nyumbani, hapana, ile mitambo mikubwa yenye kutumia amoniaki, ya kutengeneza barafu na kugandisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Papa, baba yangu, alitaka niwe muuguzi, mimi nikageuka njiani nikajifunza mashine, na tangu hapo kila nikienda kumsalimia kijijini kwake Miti alikuwa na swali moja: "Na ile mambo ya chuma, utaiachaka siku gani?" Basi siku patroni wangu, Maman Furaha, alipozindua chumba chake kipya cha baridi karibu na ziwa, nikamwalika Papa aone kwa macho yake. Akaja amevaa koti lake la Pasaka.

Asubuhi mashine ilikuwa inanguruma, Maman Furaha akaniita. "Espérance, zima ile kitu, Padri hawezi kubariki mu makelele."

Sasa, kuzima kuna utaratibu. Unafunga robine, ile koki ya kwenye tanki, unaacha mashine ivute amoniaki yote iliyobaki ndani ya tiyo, lile bomba la chuma, dakika kama ishirini, ndipo unazima. Lakini nilikuwa nimekwisha kuvaa kitenge kipya, na kilemba, na viatu vya kisigino, na mpiga picha alikuwa ananiita, na Papa amesimama peke yake kama mgeni kwenye msiba akinisubiri, nikawaza, dakika ishirini za nini. Nikazima mashine palepale, nikafunga robine ya tanki, halafu (hapa ndipo akili iliniaga) nikafunga na robine ya upande wa pili wa tiyo, eti usalama uwe mara mbili. Hata nilijisifu moyoni.

Kwa asiyejua: amoniaki iliyo maji ukiifungia ndani ya tiyo huku na huku, jua likiipiga inavimba, na haina pa kwenda. Ndiyo maana juu ya tiyo tunaweka supape ya usalama, kachuma kadogo kama kidole gumba, kanafunguka kenyewe na kutoa kidogo kabla tiyo haijapasuka. Kanatolea nyuma ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayepita. Siku ile nyuma ya ukuta ndiko tulikuwa tumesimamisha tenti ya wageni, na ni mimi niliyepachagua, juu upepo wa ziwa unafika vizuri.

Padri akabariki, kwaya ikaimba, jua la saa sita likakaa juu ya tiyo. Nikapewa mikro nieleze mitambo, nikaeleza mno, nikasema, "Hapa amoniaki haiwezi kutoka hata tone." Nikaona Papa anaitikia kwa kichwa polepole. Maman Furaha akamwomba naye aseme neno. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mimi nilikuwaka na haya juu ya kazi ya mutoto yangu," akaanza. "Leo ninaona..."

Psss.

Harufu ilifika kabla ya maana. Amoniaki ikiwa kidogo inanuka mkojo, mkojo wa siku tatu, na mama mmoja wa kwaya akamgeukia jirani yake akamwangalia kuanzia kiunoni kushuka. Padri akainua kanzu, akakagua viatu vyake. Psss ya pili ilikuwa kali zaidi, na macho yakaanza. Papa, ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye mazishi, alikuwa anaendelea na hotuba huku machozi yanamtiririka, na mama wawili wa mbele, wanalia nao, wakampigia makofi wakidhani ni uchungu wa mzazi.

Nikachukua mikro. "Wapendwa, tushuke ziwani polepole, upepo unatokea kule." Neno polepole halikumfikia mtu. Kwaya ilishuka na viti vyake.

Nikachomeka mikro kiunoni, nikavua viatu, nikaenda kuvaa maski ya gesi. Maski ikakataa kilemba, nikatupa kilemba (na chini yake nywele zilikuwa hazijasukwa wiki mbili). Nikafungua robine ya tanki taratibu, supape ikafunga mdomo. Kimya. Nikatoa maski. Maman Furaha akanifikia, kitambaa puani.

"Nini imevunjika?"

"Hakuna kitu imevunjika, Maman. Nilifunga robine mbili. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi vile. Nilikuwa na haraka ya picha, juu ya kitenge."

Nikasikia sauti yangu kwenye spika, inarudi kutoka ziwani: juu ya kitenge. Mikro ilikuwa wazi kiunoni. Watu wote, wamesimama majini mpaka magotini, wananawa macho, walinisikia neno kwa neno. Kicheko kilianzia kwa Padri.

Nilishuka nikamkagua kila mtu macho, mmoja mmoja, nikiomba msamaha. Hakuna aliyeumia. Wa mwisho alikuwa Papa, suruali imelowa, macho mekundu.

"Na kale kachuma," akauliza, "kangekosekana?"

"Tiyo ingepasuka, Papa."

"Nani alikaweka pale?"

"Njo mimi, nilikaweka mwenyewe."

Akanyoosha mkono. "Leta mikro," akasema. "Sikumaliza."

Akamaliza, akiwa majini, na safari hii mimi ndiye niliyelia, bila amoniaki. Tangu siku ile nafunga robine moja tu, nasubiri mashine ivute mpaka mwisho, na anayetaka kunipiga picha anikute na salopeti ya kazi, mafuta mikononi, kichwa wazi.